Raya Aliyerudishwa

Nilipokuwa mtoto niliogopa mchana kuliko usiku. Usiku kwetu Ole ulikuwa na watu: Bibi na tasbihi yake, Mama na taa yake, majirani wamekaa barazani wakichambua karafuu na kuwateta wasiokuwepo. Saa saba mchana ndiyo iliyokuwa haina mtu. Wanaume wameshatoka msikitini na kujilaza, kuku wamejibanza chini ya upenu, upepo umesimama, na Bibi ameshatoa onyo lake la kila siku: "Saa hino si yetu. Ntu asitoke." Nilikuwa nikikaa ndani ya kizingiti nimeikunja miguu, kwa kuwa niliamini kidole kikivuka tu mlango kitashikwa. Leo nina watoto wawili, na ni mwalimu wa watoto wadogo pale Chake Chake, na bado adhuhuri ikinikuta njiani peke yangu hatua zangu huongezeka. Ukiniuliza nitakwambia ni jua.

Jambo lenyewe linamhusu mdogo wangu Raya. Sijapata kulisimulia lote, hata kwa mume wangu, naye ananijua vyema kwamba mdomo wangu hauna kufuli.

Raya alizaliwa mimi nina miaka sita na kitu. Alipofikisha miezi minane karafuu zikaiva, na mwaka ule zilikuwa nyingi mno, matawi yamelala. Mwanamke gani wa Pemba atakaa nyumbani karafuu zikiiva? Baba alikuwa mchukuzi wa mizigo bandarini Wesha, akija Alkhamisi na kuondoka Jumamosi, hivyo shamba lilikuwa la Mama na Bibi, mama yake Baba. Mama alitandika kanga chini ya mkarafuu, akamlaza Raya, na kichwani pake akaweka kisu kidogo cha mpini wa mti. Kwetu mtoto mchanga hawachwi shambani bila chuma. Masheitani huogopa chuma, na wakikikuta kitoto hakina kinga hukichukua, wakaweka wa kwao mwenye sura ileile, na wewe mama mtu ukabeba usichokizaa. Haya hakuna aliyenikalisha chini kunifundisha. Niliyajua kama nilivyojua kwamba moto unaunguza.

"Kaa naye hapa," Mama aliniambia. "Usiondoke hapo. Na kisu hicho usikiguse."

Nikakigusa. Watoto wa jirani walikuwa ng'ambo ya kijito na machungwa yao, hawana cha kumenyea, wanayatoboa kwa meno na kufanya nyuso. Mimi nilikuwa na kisu. Nikaona nafasi ya kuwa mkubwa siku hiyo, nikakichomoa, nikavuka kijito, nikawamenyea wote mmoja mmoja, duara zima bila ganda kukatika. Nikamsikia Raya akilia. Nikajiambia namaliza hili langu. Alilia, akalia, halafu akanyamaza ghafla, nami nikala chungwa langu mpaka likaisha.

Niliporudi alikuwa macho, amelala chali, anatazama majani juu. Nikamwita. Nikapiga makofi mbele ya uso wake. Macho yake yalinipita, yakarudi kwenye majani. Najua sasa kwamba majani yanayocheza na jua ni kitu kizuri kutazama, na mtoto anaweza kuyapenda kuliko uso wa dada yake asiye na adabu. Wakati ule nilijua tu kwamba huyu si yule niliyemwacha. Nikakifuta kisu kwenye gauni, nikakirudisha mahali pake. Mama alipokuja na pakacha lake akauliza, "Kalia?"

"Hajalia," nikasema.

Basi kuanzia siku ile nikawa mlinzi wa Raya, na si kwa mapenzi. Nilikuwa nikimchunguza. Kila alichofanya nilikipima na kisu kile. Alipofika mwaka na nusu alikuwa haitiki jina lake. Ukimwita anaendelea kumimina mchanga kutoka mkono huu kwenda huu, huu kwenda huu, mpaka mkono wako wewe unachoka kwa kutazama. Akatembea, lakini kwa ncha za vidole, visigino havigusi, na kwa hivyo alikuwa hasikiki anapokuja. Ungegeuka ukamkuta yuko nyuma yako. Mvua ikipiga bati alikuwa akiziba masikio na kugonga kichwa ukutani. Akicheka alichekea pembe ya chumba, pale pasipokuwa na kitu, na mimi nikitazama pembe ile mpaka macho yananitoka machozi nione anachokiona.

Mchana tulikuwa tukilazwa kitanda kimoja. Nilingoja apate usingizi, kisha nikafunua kanga nikaangalia miguu yake. Nilikuwa nimesikia kwamba wao miguu ndiyo huwasaliti. Ilikuwa miguu ya kawaida, midogo, na udongo kwenye kucha. Sikupata nafuu hata kidogo. Nilijiambia kwamba huyu amejua kujificha.

Aliyetamka alikuwa Bibi. Raya alikuwa anakaribia miaka mitatu, amekaa uani anapanga vikonyo vya karafuu kwa mstari mmoja mrefu, na Mama amemwita mara nne. Bibi akaweka chini ungo wake.

"Wamwita nani wee? Huyo si wako. Ntoto wako kabadilishwa."

Nilidhani atagomba, kwa kuwa Mama alikuwa na ulimi, mimi nimerithi kwake. Badala yake alikaa chini polepole kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, akamtazama Raya kwa muda, na nikaona usoni mwake kitu kinaondoka. Nafikiri alikuwa amechoka. Alikuwa amemlilia mtoto yule akitafuta kosa lake, na sasa ameambiwa kwamba kosa si lake na mtoto si wake, yote kwa mara moja. Namwelewa sasa. Siku ile mimi niliyejua kosa ni la nani nilikimbilia nyuma ya choo nikajificha.

Mama hakumpiga Raya hata siku moja, hilo niliseme. Alimlisha, alimwogesha. Lakini aliacha kumwita mwanangu, akawa anasema "yule". Yule kala? Yule kalala? Akaacha kumpakata. Na Raya naye, kabla hajafika miaka minne, akaacha kumwendea Mama, akaacha kumwendea Bibi, hata mimi. Akianguka hakuja kwa mtu, alikaa pale alipoangukia mpaka maumivu yaishe. Lakini akija mgeni, muuza samaki asiyemjua, alikwenda moja kwa moja kumkalia mapajani. Mama alipokwenda Wete kwa msiba akakaa siku sita, Raya hakumtafuta. Siku aliyorudi Raya alimpita mlangoni bila kumtazama.

"Umeona?" Bibi alisema. "Damu ingelimjua mamake."

Nimewahi kuyasikia maneno hayohayo, kwa lahaja nyengine, kutoka kwa wazazi walionijia skuli.

Kilichonimaliza ni siku aliyosema. Raya alikuwa na miaka mitano, hajatoa neno lenye maana tangu azaliwe. Ilikuwa mchana, Bibi amelala, mimi niko mlangoni nataka kutoroka kwenda kwa rafiki yangu. Nyuma yangu, karibu na shingo, nikasikia sauti ya Mama, sauti yake kabisa na lile karipio lake:

"Usiondoke hapo."

Nikageuka. Mama hakuwepo. Alikuwepo Raya, anatazama ukuta.

Watoto wa namna ile wapo ambao huyahifadhi maneno ya watu mazima mazima, wakayatoa siku yoyote kwa sauti ya mwenyewe. Mama alikuwa akiniambia maneno yale mara kumi kwa siku, kwa kuwa nilikuwa kiguu na njia. Hilo nimelijua ukubwani, kwenye semina moja ya walimu, nimekaa kiti cha nyuma wakati mwezeshaji anaeleza neno usonji. Lakini msichana wa miaka kumi na moja mlangoni pale hakuwa na semina. Nilichosikia ni kwamba yule kitu alikuwepo siku ile chini ya mkarafuu, alisikia nilichoambiwa, na ananikumbusha. Nilipiga ukelele uliomwamsha Bibi, na nilipoulizwa nikawaambia Raya kasema kwa sauti ya Mama. Mambo yote yaliyofuata yalitoka kwenye mdomo wangu huo.

Mganga Mzee Shaame aliletwa kutoka Kengeja wiki ile ile. Nilikuwa nimejitayarisha kuona mtu wa kutisha. Alishuka kwenye gari ya abiria na kanzu iliyopigwa pasi, akaomba kahawa, akawauliza watu hali zao hadi za ng'ombe wao. Alimtazama Raya bila kumgusa, huku Bibi akimweleza kwamba mtoto kabadilika tangu mchana ule aliolazwa chini ya mkarafuu. Kisha akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha:

"Wenyewe watamtaka wa kwao, nanyi mwamtaka wenu. Mrudisheni pale alipochukuliwa, saa ileile. Ntu amkalishe aondoke, asitazame nyuma mpaka avuke mlango wa nyumba. Wakimsikia wa kwao analia, watakuja na wenu."

"Na wasipokuja?" Mama aliuliza.

"Wasipokuja nitaondoka naye mie keshokutwa. Atakaa kwangu mpaka wachoke."

Nyumba ya Mzee Shaame ilikuwa ikisimuliwa hadi kwetu Ole. Chumba hakina dirisha, wagonjwa hufukizwa humo asubuhi na jioni. Raya, ambaye moshi wa jikoni tu ulimfanya ajing'ate mikono. Nilimtazama Baba, siku ile ilikuwa Ijumaa na yuko nyumbani. Baba aliinamisha kichwa. "Fanyeni mnavyoona," akasema, akatoka kwenda barazani.

"Siku ile nani alikuwa akimwangalia?" Mzee Shaame akauliza.

Macho yote yakanigeukia.

"Basi huyo ndiye atakayempeleka."

Kesho yake nilimbeba mgongoni. Alikuwa mzito kwa umri wangu, na hakujishika. Mikono yake ilining'inia ubavuni mwangu kama ya mtu aliyelala. Mama alimvalisha gauni safi na kumpaka mafuta, hakumtazama usoni. Njia ya shambani ilikuwa mteremko wa kama dakika ishirini, hakuna mtu, mihogo imesimama pande mbili bila jani kutikisika. Nilikuwa nikisoma kila sura niliyojifunza chuo cha Kurani, nachanganya aya za hii na za ile. Moyoni nilikuwa na hesabu mbaya. Nikisema habari ya kisu, Mama atajua ni mimi niliyempoteza mwanawe. Nisiposema, huenda dawa isifanye kazi. Na ikifanya kazi, huyu niliyembeba atakwenda wapi? Kwa mara ya kwanza nilijiuliza swali hilo. Shetani au asiwe shetani, shingo yake ilikuwa ikinuka mafuta ya nazi, na alikuwa akiunguruma kidogo kidogo wimbo wake usio na maneno, jinsi alivyokuwa akifanya akiwa ameridhika.

Nilitandika kanga chini ya mkarafuu uleule. Nikamkalisha. Akaokota jani kavu akaanza kulizungusha mbele ya macho.

"Mie nakwenda," nikamwambia. Sijui kwa nini nilimuaga.

Nikampa mgongo nikaanza kupanda. Nilingoja kilio. Nilihesabu hatua kumi, ishirini, hamsini. Mtoto yeyote wa miaka mitano ukimwacha peke yake porini atalia, atakuita, atakimbia. Nyuma yangu kulikuwa kimya. Sijasikia tena kimya cha namna ile katika maisha yangu, na sitaki. Nimekuja kuelewa baada ya miaka mingi kwamba Raya alikuwa ameshaacha kulia kwa sababu alikuwa amejifunza, nyumbani kwetu, kwamba kilio hakileti mtu. Lakini nilivyoelewa pale ni kwamba wamekuja, wamemziba mdomo, na sasa wananitazama mimi.

Nikatamani kukimbia, nikajizuia. Nikatembea. Nilipofika kwenye mihogo, kitu kikanishika gauni kwa nyuma.

Sikusikia hatua yoyote. Majani makavu yalikuwa yametapakaa njia nzima na sikusikia hata moja likivunjika. Kulikuwa na mvuto tu pale kwenye pindo, mdogo, usioachia. Nikisimama, unalegea. Nikienda, unavuta. Mkojo ulinitoka ukanitelemkia miguuni, na niliendelea kwenda. Ningetazama chini tu ningeona ni mkono wa nani, lakini niliambiwa nisitazame, na kwa mara ya kwanza katika umri wangu nilitii nilichoambiwa. Jasho likaingia machoni. Nikaanza kuzungumza na kitu kile. Nikakiambia yote: kisu, machungwa, jinsi nilivyosikia kilio nikamaliza langu. Nikakiambia kama ni mkubwa wao basi anichukue mimi, Mama awachiwe mwanawe. Sikuwa shujaa, nilikuwa nimeishiwa. Kikanisikiliza hadi juu.

Mama alikuwa amesimama barazani, Bibi ubavuni mwake, Mzee Shaame kwenye kibao na kikombe cha kahawa. Nikaona Mama anaweka mkono mdomoni. Alikuwa anatazama kilicho nyuma yangu.

"Vuka kwanza," alisema Mzee Shaame.

Nikavuka kizingiti. Nikageuka.

Alikuwa Raya. Raya yuleyule na gauni lilelile, na kovu lake la kichwani pale alipojigonga ukutani, amesimama kwa ncha za vidole, anatazama pembeni, na ngumi yake imekamata pindo la gauni langu lililolowa. Ngumi ilikuwa imebana mpaka vifundo vimepauka.

"Saada," Mama alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Huyu nani?"

Nilijua jibu. Nilijua pia kwamba nikilitoa, kesho gari ya Kengeja itamchukua. Mzee Shaame alikuwa ameshaweka kikombe chini, anangoja.

"Huyu wetu," nikasema. "Kaja."

"Umemjuaje?" Mzee Shaame aliniuliza.

"Yule mwengine kabaki chini anacheka. Huyu katokea upande wa kijito akanishika gauni." Na kwa kuwa waongo wa kweli huchanganya na ukweli, nikaongeza, "Yule hakuwa akishika ntu."

Hilo kila mtu nyumbani alilijua. Mzee Shaame aliinama akaiangalia ile ngumi. Sijui alikuwa anafikiri nini, pengine na yeye alikuwa na haraka ya kurudi kwao. "Alhamdulillahi," akasema. "Hino ndiyo alama."

Mama alitoka pale alipokuwa akapiga magoti kwenye sakafu, akamkumbatia Raya kwa nguvu zote. Raya akakakamaa, shingo imenyooka, mikono imeganda. Nikajua Mama sasa atajua. Mama hakumwachia. Alikuwa analia kwenye nywele zake.

"Kanisahau," alisema. "Maskini mwanangu. Kakaa kwa watu miaka yote hino, hanijui."

Nilikaa nikingoja uongo wangu ufichuke. Kila asubuhi nilifungua macho na khofu ileile: leo Mama atagundua kwamba mtoto ni yuleyule. Haitiki, hasemi, anamimina mchanga, anaziba masikio mvua ikinyesha. Lakini Mama alikuwa na jawabu kwa kila kitu. Hasemi kwa kuwa huko alikokuwa hawasemi lugha yetu. Anaogopa kelele kwa kuwa huko ni kimya. Hajui kukumbatiwa, atajuaje mtu aliyelelewa na wasio na mikono? Na kwa hivyo alimfundisha yote tangu mwanzo, bila hasira, kama anavyofundishwa mgeni aliyetoka mbali. Hiki kijiko, Raya. Huyu Bibi. Mie mamako. Mara mia kwa siku, mie mamako. Mvua ikianza alimfunika kichwa kwa kanga yake na kukaa naye chini ya meza mpaka ikatike, mwanamke mzima, jirani wanacheka.

Haikuwa mara moja. Ilipita miezi kabla Raya hajaanguka akamwendea Mama na goti lake. Siku moja Mama alifunga mkoba kwenda Chake Chake kwa siku moja tu, na Raya akasimama mlangoni akalia kilio kikubwa, kamasi na yote. Nyumba nzima tulifurahi. Bibi alitoa halua aliyoificha, akasema, "Nilisema mie, damu itamjua mamake." Hakukumbuka alichowahi kusema kabla. Nilikula halua ile bila kumkumbusha.

Raya hakupona, kwa kuwa hakuwa na cha kupona. Sasa ni mwanamke, anaishi na Mama Ole, ana maneno yake kama arubaini na anayatumia anapotaka. Karafuu anazozianika yeye hazina konyo hata moja. Wanangu wanamwogopa kidogo na kumpenda sana.

Na mimi nimekuwa mtu wa kuwakalisha akina mama darasani na kuwaambia kwa sauti imara: mwanao ni huyuhuyu, hapana mwengine, usimngoje mwengine, mpakate huyu. Wengine hulia. Wengine hunikasirikia. Nawaambia kwamba mtoto aliyekosa kupokelewa huacha kuomba, na watu wakadhani ndiyo tabia yake. Nalisema vizuri, nimelisema mara nyingi.

Mwezi uliopita nilikwenda Ole. Tulikuwa uani baada ya chakula, mimi na Mama, na Raya yuko kwenye jamvi anageuza karafuu. Bibi ameshatangulia mbele ya haki. Mama alikuwa anazungumza habari za kisima, akazikatiza.

"Saada. Yule mwengine."

"Mwengine yupi, Mama?"

"Yule tuliyemrudisha." Alikuwa hanitazami. "Alikuwa ntoto, hata kama wa kwao. Akija kunishika kanga nilikuwa nikimbandua vidole, kimoja kimoja. Mwisho akaacha kuja. Kila nikimaliza sala namkumbuka, na sina wa kumwambia. Wadhani huko alikokwenda kuna ntu alimpokea?"

Miaka yote niliogopa kwamba atagundua nilimdanganya. Sikupata hata mara moja kufikiri kwamba uongo wangu ulimwachia mtoto wa kumlilia, ambaye hayupo, na ambaye amekaa hatua tano kutoka kwake akigeuza karafuu. Nikimwambia ukweli, atajua vidole vile vilikuwa vya nani. Nisipomwambia, ataendelea kumwombea mtu asiyekuwepo mpaka afe. Maneno ya darasani yalinijia mdomoni yote, na nikaona jinsi yalivyo mepesi kuyasema kwa mama wa mwengine.

"Walimpokea, Mama," nikasema. "Siku ileile."

"Wajuaje wewe?"

"Nilikuwepo."

Mama akanigeukia. Alinitazama kwa muda mrefu, mpaka nikainamisha kichwa kama mtoto. Kisha akageuka akamtazama Raya, akamwita kwa jina. Raya akaacha karafuu akaja, akakaa ubavuni mwake, na Mama akamshika mkono akaanza kulia bila sauti. Nilikaa pale nikiwa nimejaa khofu, na sikumuuliza analilia yupi.